Mwonekano wa Somoe

Ubavu wa Magharibi wa mgodi ulitangazwa kuwa kimya asubuhi, kabla umande haujakauka juu ya mapaa ya Chilunda, na aliyeutangaza ni Somoe Mchopa. Alibonyeza kitufe, taa ya kijani iliyokuwa juu ya mlango wa Chumba cha Usikivu ikageuka nyeupe, na watu waliokuwa wamesimama mlangoni mwa mgodi tangu mlima uporomoke wakajua maana yake. Huko chini hakuna aliyebaki. Somoe alisikia kilio cha mwanamke mmoja, kirefu, kikipenya kioo kinene cha dirisha. Akashusha pazia.

Hakuwa mkatili. Alikuwa amechoka, na alikuwa na uhakika.

Uhakika huo aliupata kwenye skrini. Ndani ya miamba ya Chilunda, kila mahali ambapo madini ya kinywe yalichimbwa, zilikuwa zimepitishwa nyuzi za kusikia, nyembamba kuliko unywele, nyingi kiasi kwamba hakuna aliyejisumbua kuzitaja kwa idadi. Kila uzi uliponasa mtetemo, uliuchora kama mstari. Behewa likipita, mistari ilifura. Mchimbaji akiangusha sururu, ilichomoza kama mwiba. Hakuna sikio la binadamu ambalo lingeweza kusikiliza nyuzi zote hizo kwa pamoja, na hata kama lingeweza, sheria ilikataza. Miaka ya nyuma, katika mgodi mwingine, msikilizaji mmoja alivaa visikizio akaapa kuwa amesikia mtu akiita. Waokoaji wakashuka, paa likawaangukia, na baadaye ikabainika kuwa hakukuwa na wa kuita. Tangu hapo visikizio vilipigwa marufuku. Kilichoonekana kwenye skrini ndicho kilichochimbwa. Kisichoonekana kiliachwa.

Kwa hiyo kazi ya Somoe iliitwa usikilizaji, lakini ilikuwa kazi ya macho, na macho yake hayakuvumilia uchafu. Wenzake waliiacha mistari yote wazi, imepishana kama kamba za nguo siku ya kufua, nao wakikodoa macho katikati yake. Somoe alizikunja nyuzi za kila ubavu zikawa mstari mmoja. Aliisogeza picha mbali, mpaka shughuli za saa nzima zikaenea ndani ya upana wa skrini. Kisha akapandisha kizingiti cha kuonyesha, ili vitetemo vidogo vidogo, maji yanayodondoka, mwamba unaojinyoosha, panya anayetambaa, visichorwe. Havikufutwa. Vilibaki vimehifadhiwa mahali pake kwenye kumbukumbu ya mashine, havikuchorwa tu. Rangi alizipunguza zikabaki mbili, bluu na dhahabu.

Wakaguzi walipokuja walisema kwamba hatimaye wamepata mgodi unaosomeka. Mhandisi Luambano, mkuu wa usalama, alifurahi hata akaamuru mpangilio ule uhifadhiwe kwa jina la aliyeubuni, na kila skrini iwashwayo Chilunda ianze nao. Mwonekano wa Somoe. Siku hiyo alimpigia simu mama yake kumpa habari, na mama yake akapiga vigelegele huko huko simuni, kama vile binti ameposwa.

Mlima ulipoporomoka, mwonekano huo ndio uliokuwa kazini. Upande wa mashariki watu walipiga kelele na vyuma, na mstari wao ukawaka dhahabu. Tekla Komba na kikosi chake cha uokoaji wakawafuata, wakawatoa wote. Upande wa magharibi, walikokuwa Sefu Mkwinda na Dadi Nachuma, mstari ulikuwa wa bluu na bapa. Somoe aliutazama siku baada ya siku, akila mbele yake, akisinzia mbele yake. Mwishowe akaona kuwa kuendelea kuwapa ndugu zao matumaini ni kuwatesa. Ndipo akabonyeza nyeupe.

Kilichobaki ni povu. Shimo lililokufa hujazwa povu la kuzibia, ambalo huganda likawa jiwe, ili mporomoko usisambae na gesi isiingie katika visima vya mji. Pampu zilikwisha kuvutwa hadi mdomoni mwa Ubavu wa Magharibi. Povu lingemiminwa mchana.

*

"Nitengenezee picha," Mhandisi Luambano alimwambia, akiwa amesimama mlangoni na kofia yake ngumu kwapani. "Picha ya huo ukimya. Wakaguzi watataka kuiona. Iwe kubwa, isomeke."

"Sawa, Mhandisi."

"Na ukimaliza nenda kalale, mama. Umefanya kazi."

Somoe aliivuta picha karibu, ikajaa skrini. Haikumpendeza. Mstari bapa uliokuzwa kiasi kile ulifanana na mashine iliyozimwa, na hakutaka mkaguzi yeyote aje aulize kama mashine ilikuwa imewashwa. Alitaka mstari uonyeshe uhai kidogo, mtetemo wa mwamba tu, ili ieleweke kuwa nyuzi zilikuwa zikifanya kazi. Basi akaukunjua ule mstari mmoja, nyuzi zikatandazika moja chini ya nyingine. Akashusha kizingiti kidogo.

Vikatokea vidoa.

Alidhani ni maji. Akashusha tena kizingiti, akavuta karibu zaidi, na vidoa vikawa vimistari vifupi vilivyosimama wima. Kwenye uzi mmoja vilikaa viwili viwili. Viwili, nafasi, viwili, nafasi. Kwenye uzi mwingine, hatua chache kutoka pale, vilifuatana ovyo, vingi, kama mtu anayepiga kwa hasira. Maji hayadondoki hivyo.

Mkono wake ukaanza kurudisha picha nyuma. Jana vilikuwepo. Juzi vilikuwepo, virefu zaidi. Alirudi mpaka siku ya mporomoko wenyewe, na huko vilikuwa vimesimama imara, vimekaribiana, vya watu wenye nguvu wanaojua kuwa juu yao kuna nyuzi na mwisho wa nyuzi kuna mtu. Kuanzia hapo vilikuwa vikipungua kimo na kuachana. Vya mwisho vilipigwa alfajiri ile ile, wakati yeye alipokuwa akinawa uso ili aje kutangaza ukimya.

Jambo la kwanza alilofanya, na hakuna aliyemwona akilifanya, ni kurudisha mwonekano wake. Kubonyeza mara moja tu. Nyuzi zikajikunja, vidoa vikatoweka, mstari ukalala bluu na safi kama maji ya mtungi. Alikaa akiutazama. Hakuna anayejua, alijiambia. Mchana povu litamiminwa, na jioni kote kule kutakuwa jiwe.

Halikuwa wazo refu. Lilikaa kichwani mwake kwa muda wa kuvuta pumzi na kuitoa. Lakini lilikaa, nalo lilikuwa lake, hakuna aliyemnong'oneza. Masikio yalimwaka moto. Alijiona kama mtu aliyekutwa chumbani mwa wenyewe ameshika kitu kisicho chake. Akainuka kwa kishindo, kiti kikaanguka, akatoka mbio.

*

Akikimbia kuelekea kwenye pampu alikuwa amekwisha kuliandaa neno lake. Nimekosea. Neno moja tu, na baada ya hapo lolote na liwe. Alilirudia kila alipokanyaga.

Kwenye uzio wa waya watu walikuwa bado wamesimama, na mbele yao alikuwapo Asumini, mkewe Sefu, khanga amejifunga kiunoni, vidole amevipenyeza kwenye matundu ya waya. Macho yalikuwa yamemvimba. Somoe alitambua kwamba kile kilio cha asubuhi kilikuwa cha huyu. Mhandisi Luambano alikuwa karibu na uzio huo huo, akizungumza na mafundi wa pampu.

"Mhandisi," Somoe alisema akihema. "Mhandisi, simamisha povu."

"Kuna nini?"

Asumini alikuwa akimtazama. Watu wote walikuwa wakimtazama. Somoe alifungua kinywa kutoa neno lake, likatoka lingine.

"Kuna dalili mpya. Ubavu wa Magharibi. Wanagonga."

"Mpya?" Luambano alimkazia macho. "Tangu lini?"

"Imejitokeza sasa hivi."

Kelele iliyopasuka pale uzioni ilimfanya arudi nyuma hatua moja. Watu walikumbatiana, mtu akaanguka sijida kwenye vumbi. Asumini akaupitisha mkono wake kwenye mwanya wa lango, akaunyakua mkono wa Somoe, akaubusu, akauweka shavuni palipolowa.

"Mungu akupe umri mrefu, dada yangu. Mungu akujaze heri. Wewe peke yako hukukata tamaa."

Somoe aliuacha mkono wake pale. Hakujua namna ya kuutoa. Wala hakujua, hata aliporudi chumbani na taa ya mlangoni imegeuzwa kuwa kijani tena, kama angeweza kunawa mkono ule bila kujiona mchafu zaidi.

Tekla Komba alimfuata humo humo. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye vumbi la kinywe kwenye mikunjo ya shingo ambalo halikuwahi kutoka hata siku za sikukuu. Hakukaa.

"Nieleze. Wameanza kugonga lini?"

"Leo."

"Wanagonga kwa nguvu?"

"Ya wastani."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

Tekla alitafakari, ulimi ukisukuma shavu kwa ndani. "Nina njia mbili," alisema. "Lipo tundu la zamani la hewa. Fupi. Ningefika kwao leo hii. Lakini paa lake limepasuka, nikipitisha watu wangu mle namwachia Mungu. Njia ya pili ni kuipeleka mashine, ile Fuko, ichimbe kutokea mashariki polepole huku ikijenga nguzo nyuma yake. Ni salama, ila ni mpaka kesho." Akamgeukia Somoe. "Mtu anayeanza kugonga leo ni mtu aliyezinduka leo. Ana hewa, ana nguvu. Anaweza kunisubiri. Kama angekuwa amegonga tangu siku ile na sasa anaishiwa, ningepita tunduni bila kuuliza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Kuna kingine ninachotakiwa kujua?"

Hapo ndipo mlango wa kusema kweli ulipokuwa wazi kabisa. Somoe alimwona Tekla, alimwona jinsi alivyosimama akingoja, hana haraka, anamwamini. Akafikiri juu ya shavu la Asumini.

"Hakuna," akasema.

"Basi natuma Fuko."

*

Aliuacha mwonekano wazi, nyuzi zote zimetandazwa, kizingiti kimeshushwa mpaka chini. Ilikuwa skrini chafu kuliko zote alizowahi kuzikaripia, imejaa vitetemo vya maji na panya na mwamba, na katikati ya vitetemo hivyo mapigo mawili mawili ya mtu mmoja, na mapigo ya ovyo ya mwingine. Fuko ilipoanza kuchimba upande wa mashariki ilizifurisha nyuzi za huko kwa dhahabu nene. Alijilazimisha kutazama magharibi.

Alijipa sababu. Kesho si mbali. Fuko haichoki. Kumpitisha Tekla chini ya paa bovu ni hatari, na yeye, kwa kunyamaza, amewaepusha waokoaji na hatari hiyo. Sababu hii ilikuwa nzuri, na ubaya wake ni kwamba ilikuja baadaye, baada ya uongo, kama shahidi aliyetafutwa.

Mchana Luambano akamwita ofisini kwake. Somoe alisema hawezi kuiacha skrini, lakini Luambano akacheka, akasema mashine inahifadhi kila kitu, haitamkimbia, na kwamba hatakubali mtu wake afe kwa njaa siku ya ushindi. Alikuwa ameagiza chai ya maziwa na chapati. Alimvutia kiti kwa mkono wake mwenyewe.

"Macho yako, Somoe. Nimewaambia wakuu huko juu: macho ya huyu binti yameokoa watu wawili. Mwingine angeshalala. Wewe ukarudi ukatazama tena." Alimmiminia chai. "Wanataka kuupeleka ule mwonekano wako migodi yote. Unajua maana yake?"

"Mhandisi, nadhani…"

"Kula kwanza."

Akala. Akanywa chai, akasema asante. Alikaa pale muda mrefu kuliko alivyohitaji, kwa sababu mle ofisini alikuwa bado mtu mwema.

Aliporudi, alitazama kilichochorwa wakati hayupo. Yule wa ovyo alikuwa bado anagonga, kidogo mno. Yule wa mbili mbili alikuwa amegonga mara moja tu: mapigo mawili, la pili fupi hata likakaribia kuzama kwenye vitetemo vya maji na mwamba. Kisha nafasi. Somoe alingoja mapigo mengine. Akaikuza picha mpaka kila kipande cha dakika kikawa kipana kama kitambaa cha meza. Akangoja. Uzi ulikuwa bapa, na safari hii hakukuwa na kizingiti cha kulaumu.

Akachukua redio.

"Tekla."

"Nakusikia. Kuna mabadiliko?"

"Nilidanganya."

Redio ilitoa mkwaruzo. Somoe alijua kuwa kikosi kizima kilikuwa kwenye mkondo huo, wote wakisikia, hata waendesha pampu.

"Rudia," alisema Tekla.

Kurudia kulikuwa kugumu kuliko kusema. "Nilidanganya. Hawakuanza leo. Wamegonga tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyewaficha. Nilipandisha kizingiti, sikuwaona, nikatangaza ukimya. Halafu leo nilipowaona nikasema ni dalili mpya kwa sababu niliona haya."

"Tangu siku ya kwanza."

"Ndiyo."

"Na wanaishiwa nguvu."

"Mmoja ameacha kugonga."

Hakuna aliyemtukana. Alitamani mtu amtukane. Alisikia Tekla akivuta pumzi puani, na iliposikika tena sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayehesabu zana zake.

"Zimeni Fuko. Kamba na vinyago vya hewa, tunapita tunduni. Somoe, kaa hapo hapo. Uniambie kila unachokiona kwenye hizo nyuzi. Kila kitu. Usinichagulie."

Akakaa, akasema kila kitu. Alisema mwamba unaponguruma kushoto kwao, alisema vumbi linapomwagika nyuma yao, alitaja mapigo ya yule aliyebaki kila yalipokuja. Kipande cha paa kilianguka na kumvunja bega mwokoaji mmoja, na Somoe alikiona kikianza kutetemeka, akapiga kelele, lakini kelele yake haikufika mapema vya kutosha. Jua lilikuwa bado halijatua walipomtoa Dadi Nachuma, mweusi wa kinywe kichwa hadi miguu, akipumua kwa kinyago. Kule uzioni watu walishangilia.

Sefu Mkwinda alikuwa nyuma ya bamba la mwamba, mahali ambapo Dadi asingeweza kumfikia. Tekla alikuja mwenyewe Chumba cha Usikivu kumweleza Somoe. Hakutaka kutumia redio.

"Alikuwa na jiwe mkononi," alisema. "Mkono ulikuwa bado unakunjika."

Somoe alifahamu maana yake. Mwili haukuwa umeanza kukauka. Akauliza, "Tungepita tunduni asubuhi uliponiuliza, angekuwa hai?"

Tekla aligeukia mlangoni. "Sijui," akasema. "Na usije ukaniuliza tena."

*

Jambo hilo walilimaliza ndani. Ndivyo Luambano alivyosema, akiwa ameufunga mlango: kikosi kilikula kiapo cha siri kama kawaida ya kazi, mwonekano umeondolewa kwenye skrini zote, hakuna haja ya kuwasha moto mwingine juu ya moto. Familia ya Mkwinda iliambiwa kwamba Sefu alikufa papo hapo mlima ulipoporomoka, na kwamba mapigo yote yalikuwa ya Dadi. Hakuteseka. Somoe aliachwa kazini. Alitarajia kufukuzwa, na asubuhi aliyofika akakuta kiti chake kipo pale pale na wenzake wanamsalimu kwa upole uliozidi kiasi, aliona afadhali wangekitupa nje. Alizoea kula peke yake. Mama yake alipopiga simu kumuuliza habari za kazi, alisema ni nzuri.

Asumini alikuja eda ilipokwisha.

Aliletwa na Mhandisi Luambano mwenyewe, aliyekuwa akitembea mbele yake huku akimfungulia milango. Alikuwa amekonda. Alivaa baibui jeusi na viatu vipya ambavyo vilimbana, akawa anatembea kwa kuvisikilizia.

"Bi Asumini ana swali moja," Luambano alisema kwa sauti ya hospitalini. "Yule ndugu yetu Dadi amepata nafuu, amekuwa akisema kwamba alimsikia marehemu akigonga. Madaktari wameeleza kuwa ni ile hewa mbaya, mtu husikia mambo. Hata Dadi mwenyewe sasa hana hakika. Nikasema aje aone kwa macho yake, roho itulie." Akamgeukia Somoe, akamkazia macho. "Muonyeshe mama Ubavu wa Magharibi, siku zile. Kwa ule mwonekano wako."

"Ule uliondolewa, Mhandisi."

"Unao kwenye mashine yako. Uwashe."

Ni kweli, alikuwa nao. Somoe alimwekea Asumini kiti. Alinyoosha mkono kwenye vitufe, na alijua jinsi ambavyo ingekuwa rahisi: kubonyeza mara moja, bluu, bapa. Mjane angeona, angelia kidogo, angeshukuru, angerudi nyumbani na mume aliyekufa bila kujua. Je, huo si wema? Kwa miezi yote ile alikuwa amejiuliza swali hilo kitandani kwake, na kila mara alishindwa kutenganisha wema wa Asumini na usalama wake yeye Somoe. Vilikuwa vimeshikana kama nyuzi alizokuwa akizikunja.

"Dada," Asumini alisema taratibu, "wameniambia hakuteseka. Ni kweli?"

"Si kweli," alisema Somoe.

"Somoe!" Luambano alikohoa. "Amechoka huyu. Mama, twende, tutarudi siku nyingine."

Asumini hakugeuka. "Nionyeshe."

Akazitandaza nyuzi zote. Akashusha kizingiti mpaka chini, akavuta karibu, akaenda mpaka siku ya mporomoko. Akaweka kidole kwenye skrini. "Haya ya ovyo ni ya Dadi. Haya ya mawili mawili ni yake."

Asumini aliyaangalia mapigo yale kwa muda mrefu.

"Ndivyo anavyobisha hodi," akasema. "Hata kwake mwenyewe hubisha. Namwambia, baba, hii ni nyumba yako, unabisha nini? Anabisha tu."

Somoe akamweleza. Hakuzunguka. Alimweleza jinsi alivyoipanga skrini ipendeze, na kwamba mapigo haya yalikuwepo wakati anabonyeza nyeupe. Alimweleza aliyoyasema pale uzioni, na alipofika kwenye mkono wake uliobusiwa sauti ilimkatika, akalazimika kuanza upya. Luambano alikuwa amesimama dirishani amewapa mgongo.

"Na la mwisho?" Asumini aliuliza. "Nionyeshe la mwisho."

Akaisogeza picha mpaka pale. Mapigo mawili, la pili fupi.

"Hili lilikuwa wakati gani?"

"Mchana. Baada ya kukwambia wewe kwamba ni dalili mpya."

"Ulikuwa umekaa hapa unaliona?"

"Sikuwepo. Nilikuwa ofisini kwa Mhandisi, nakunywa chai."

Kwa mara ya kwanza Luambano aligeuka. Alitazama sakafu, akavaa kofia yake ngumu kana kwamba kuna kitu kingemdondokea, akatoka bila kuaga.

Asumini hakulia. Alivua viatu vilivyombana, akaviweka pembeni, akakisogeza kiti chake mpaka magoti yakagusa meza. "Rudi mwanzo," akasema. "Nataka niyaone yote. Usinirukishie hata moja."

Basi wakaanza. Somoe aliisogeza picha polepole, na kila palipotokea mapigo mawili alisimama, Asumini akayagusa kwa ncha ya kidole, kisha akatikisa kichwa kuashiria waendelee. Mara nyingine alinong'ona kitu ambacho Somoe hakukisikia wala hakuthubutu kuuliza. Somoe alitamani kuinamisha uso, lakini ilibidi mtu aisogeze picha, na mtu huyo alikuwa yeye. Kengele ya kubadilishana zamu ilipolia walikuwa hawajafika hata nusu.

Asumini akavaa viatu vyake. Alisimama mlangoni akijifunga vizuri mtandio, akamtazama Somoe kwa macho makavu.

"Sijakusamehe," akasema. "Usije ukadhani nimekusamehe. Lakini kesho nitarudi. Hatujamaliza."

"Karibu," alisema Somoe.

Lilimtoka kwa mazoea, kama linavyomtoka mtu yeyote mwenye nyumba. Alilisikia likiwa limekwisha kutoka, akajifunika mdomo kwa mkono, lakini Asumini alikuwa ameshafika katikati ya korido, na hakugeuka.